Tumbo Joto, Kijasho Chembamba: Wasiwasi Unavyosema Mwilini

Hebu jiulize maswali haya kabla hatujaanza somo letu.

Je, umewahi kuamka saa tisa usiku moyo ukidunda kama ngoma, na wala hukuota ndoto mbaya? Je, umewahi kuingia chumba cha mtihani, karatasi zikagawiwa, mara tumbo likakuvuruga ukaomba ruhusa ya kwenda chooni, na ulipofika huko hakikutoka kitu? Je, umewahi kupima malaria mara mbili au tatu, majibu yakasema huna, lakini kichwa bado kinagonga na mwili hauna nguvu?

Kama umejibu "ndiyo" hata mara moja, usiogope. Hujarogwa, na wala hujifanyi mgonjwa. Huenda mwili wako unasema jambo ambalo mdomo haujalisema. Jambo hilo ni wasiwasi.

Katika somo hili tutajifunza mambo manne: wasiwasi unaleta dalili gani mwilini na kwa nini, tutautofautishaje na magonjwa mengine kama malaria, kijana afanye nini ukimshika, na tumsaidieje mwenzetu. Mwisho kuna maswali ya kujipima. Usiruke mbele kuangalia majibu!

KISWAHILI KIMEYAJUA HAYA ZAMANI

Watu wengi hudhani wasiwasi ni mambo ya kichwani tu, eti "mawazo". Lakini sikiliza jinsi tunavyozungumza. Mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu tunasema "tumbo joto". Aliyebanwa na maswali "kijasho chembamba kinamtoka". Mama ambaye mwanawe hajarudi giza limeingia, "roho iko juu juu". Mwingine "moyo ulimlipuka paa", "miguu ilimwisha nguvu", "mate yalimkauka", "nywele zilimsimama". Na kijana anayekwenda kucheza fainali ya mpira, wenzake wanamtania, "Vipi, una mchecheto?"

Umeona? Tumbo, jasho, moyo, miguu, mate, nywele. Babu zetu na bibi zetu hawakusoma udaktari, lakini walijua kwamba hofu inakaa mwilini. Madaktari nao wanasema hivyo hivyo, ila wao wameongeza maelezo ya kwa nini.

FISI NJIANI

Chukua mfano huu. Umetoka kuchota maji, jua limeshazama, na mbele yako kwenye vichaka unaona fisi. Kabla hujafikiri lolote, mwili umeshaanza kazi. Ubongo unapeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga kwenye damu kemikali iitwayo adrenalini. Kwa muda mfupi sana mwili mzima unabadilika. Unakuwa tayari kwa moja kati ya mambo mawili: kupambana au kutimua mbio.

Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1915. Alionyesha kwamba hofu na hasira zinautayarisha mwili kwa kazi ya nguvu. Bila kinga hiyo binadamu asingedumu porini.

Basi, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba ubongo hautofautishi vizuri kati ya fisi na karatasi ya Hisabati. Ukiona hatari, ya kweli au ya kufikirika, ya leo au ya mwezi ujao, unapiga filimbi ile ile. Moyo unaenda mbio, lakini hakuna wa kumkimbia. Umekaa kwenye dawati. Nguvu zote zile zilizoandaliwa hazina pa kwenda, nawe unazisikia ndani kama ugonjwa.

DALILI MOJA MOJA NA SABABU ZAKE

Sasa tuzichambue dalili. Ukijua sababu ya kila moja, nusu ya hofu inakwisha.

Moyo kwenda mbio. Kijana aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Akiingiwa na hofu unaweza kupita 120. Moyo unasukuma damu nyingi kwenye misuli ya miguu na mikono ili ukimbie. Moyo wenye afya unaweza kazi hiyo, kama unavyoiweza ukicheza mpira.

Kupumua haraka na kifua kubana. Mapafu yanavuta hewa zaidi kwa ajili ya misuli. Misuli ya kifua nayo inakaza, ndiyo maana unahisi kama umefungwa kamba.

Jasho na viganja kulowa. Mwili unajipoza mapema kwa ajili ya mbio ambazo hazitakuwepo.

Kutetemeka. Misuli imejaa nguvu isiyotumika. Ni kama pikipiki iliyowashwa huku imesimama, lazima itikisike.

Tumbo kuvuruga, kichefuchefu, kuharisha. Damu inapunguzwa tumboni ili iende kwenye misuli, na kazi ya kusaga chakula inaachwa kwanza. Utumbo mpana nao unaweza kuharakisha kutoa uchafu. Wengine hupata haja ndogo kila baada ya dakika chache.

Mdomo kukauka na donge kooni. Mate yanapungua, misuli ya koo inakaza. Unameza, unahisi kitu kimekwama, lakini hakuna kilichokwama.

Kichwa, shingo na mgongo kuuma. Hii ni kwa wale ambao wasiwasi wao ni wa siku nyingi. Misuli iliyokazwa kutwa nzima inachoka na kuuma, kama mkono uliobeba ndoo bila kupumzika.

Usingizi kukata. Mlinzi aliyesikia kishindo halali. Ubongo unaodhani kuna hatari nao hivyo hivyo. Na usipolala, kesho yake dalili zote zinazidi.

Kumbuka vizuri: maumivu haya ni ya kweli. Mtu asikuambie, "Acha kujidekeza, huumwi kitu." Tumbo linauma kweli. Moyo unadunda kweli. Kilichotofautiana ni chanzo tu.

PUMZI IKIZIDI KIPIMO

Kuna dalili moja inayowatisha watu kuliko zote. Mtu anaanza kuhema haraka haraka. Baada ya muda vidole vinakufa ganzi, midomo inawasha kama imechomwa na visindano, kichwa kinakuwa chepesi, macho yanaona giza. Anadhani anakufa. Kwa kudhani hivyo anahema zaidi, na hali inazidi.

Ni nini hicho? Tunapotoa pumzi tunatoa hewa ya kabonidayoksaidi. Ukihema kupita kiasi unaitoa hewa hiyo nyingi mno, na kiwango chake kwenye damu kinashuka. Kikishuka, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa kidogo, na hapo kizunguzungu kinakuja. Mishipa ya fahamu nayo inakuwa nyepesi kusisimka, na hapo ganzi inakuja. Kwa hiyo mtu huyu hana upungufu wa hewa. Amevuta hewa kuliko anavyohitaji!

Hofu kali ya ghafla namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka yenyewe. Ukilijua hilo, unajua kwamba kazi yako ni kuvumilia mpaka mteremko.

WASIWASI UNATOKA WAPI?

Tuje hapa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama. Kijana wa hapa ana mambo yake yanayomweka roho juu.

Kuna mitihani. Mwezi Novemba ukikaribia, wa kidato cha nne hana raha. Nyumbani wameuza kuku na gunia la alizeti ili apate madaftari, na kila anayekutana naye njiani anamwambia, "Sisi tunakutegemea wewe." Maneno ya upendo, lakini ni mazito.

Kuna mvua. Katika nchi kavu kama yetu ya Singida mvua zikikata mwezi Februari, mahindi yakiwa usawa wa magoti, siyo baba peke yake anayekesha. Hata mtoto wa miaka kumi na minne anajua maana ya ghala tupu.

Kuna mambo ya makazi. Mwanafunzi anayetoka kijiji cha mbali hupanga chumba ili awe karibu na shule. Usiku mlango wa bati ukigongwa, anashtuka. Kuna wasichana wanaosikia wazazi wakinong'ona habari za mahari. Kuna wavulana wanaoambiwa "mwanaume halii", wakameza kila kitu mpaka kinatokea tumboni.

Hapa tuseme ukweli. Siyo kila wasiwasi unatokana na fisi wa kufikirika. Mwingine unatokana na fisi wa kweli: kipigo, njaa, mtu mzima anayekutaka kimapenzi kwa nguvu, ndoa usiyoitaka. Kupumua vizuri kunatuliza mwili, lakini hakumfukuzi fisi huyo. Kama mwili wako unatetemeka kila unapomwona mtu fulani, usiudharau, maana unakupa habari. Mweleze mtu mzima unayemwamini, au mwalimu wa malezi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Wala usidhani uko peke yako. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, na kati yao milioni 58 walikuwa watoto na vijana wanaobalehe.

KICHEKO CHA KASHASHA, 1962

Je, wasiwasi unaweza kuambukiza? Siyo kama surua, lakini unaweza kuenea. Ushahidi tunao hapa hapa nchini.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, mkoa wa sasa wa Kagera, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Haikuwa furaha. Walicheka, wakalia, wakahangaika huku na huko, wakitulia kidogo inaanza tena. Wenzao wakafuata mmoja mmoja. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hata mmoja hakupatwa.

Wasichana waliporudi makwao, jambo likaenda nao. Katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa, wengi wao vijana. Shule nyingine nazo zikafungwa.

Watu walisema mengi, wengine wakidhani ni sumu kwenye chakula. Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, walilichunguza jambo hilo na kuandika taarifa yao mwaka 1963. Hawakukuta sumu wala vijidudu vilivyoeleza hali ile. Hakuna aliyekufa. Walichokiona ni hali ya akili iliyotokea mwilini na kuenea kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Wataalamu waliofuata wametaja mzigo waliokuwa nao wasichana wale: wako mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali, katika nchi inayobadilika haraka, na hawana nafasi ya kusema, "Tumechoka." Midomo haikusema, basi miili ikasema.

Jambo kama hilo halikuishia mwaka 1962. Septemba 2008, mkoani Tabora, wasichana wapatao 20 walizimia shuleni wakiwa katika mtihani wa kumaliza masomo. Hata leo tunasikia habari za wanafunzi wa kike kuanguka na kupiga kelele kwa mkupuo.

Hapa ndipo penye hatari, msomaji. Wasichana wakianguka, watu hutafuta wa kulaumiwa. Mara anatajwa bibi kizee jirani na shule. Mara anatajwa mwalimu, au mwanafunzi mgeni. Mtu asiye na kosa anaweza kupigwa, kufukuzwa au hata kuuawa, na wasichana wenyewe bado hawajasaidiwa. Kwa hiyo ukilielewa somo hili unaweza kuokoa maisha ya mtu.

NI MALARIA AU NI WASIWASI?

Swali gumu, maana dalili zinafanana. Kichwa kuuma, kuchoka, kichefuchefu, kutetemeka: malaria inaleta, wasiwasi nao unaleta. Kosa la kwanza ni kumeza dawa ya malaria kila kichwa kikiuma. Kosa la pili ni kusema "ah, wasiwasi tu huo", kumbe ni malaria kweli. Yote mawili ni hatari.

Kanuni ni moja: pima kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria kinatumia tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka baada ya muda mfupi.

Wasiwasi una tabia zake. Mara nyingi hauleti homa. Unakuja na jambo fulani (mtihani, safari, ugomvi nyumbani) na unapungua jambo likipita. Ukizama kwenye mchezo au hadithi, unausahau, kisha unarudi ukikaa peke yako usiku.

Lakini nenda kituo cha afya au hospitali bila kuchelewa kama una mojawapo ya haya:

– Homa, au shingo kukakamaa na kichwa kuuma sana.
– Kifua kuuma au kuzimia wakati wa kukimbia au kufanya kazi ngumu.
– Pumzi inayopiga mluzi, hasa usiku. Inaweza kuwa pumu.
– Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kupungua uzito bila sababu.
– Viganja na midomo kuwa myeupe na kuchoka haraka. Inaweza kuwa upungufu wa damu, hasa kwa dada zetu wanaotokwa na damu nyingi ya mwezi.
– Uvimbe shingoni pamoja na mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio hata ukiwa umetulia. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta dalili kama za wasiwasi kabisa.
– Kiu kali na kukojoa sana mchana na usiku. Inaweza kuwa kisukari.

Ukifika kwa mganga, usiseme "naumwa kichwa" ukanyamaza. Mweleze yote: "Naumwa kichwa, silali, na nina jambo linanisumbua." Hapo atakusaidia vizuri zaidi.

UFANYE NINI UKISHIKWA?

Fuata hatua hizi. Jizoeze ukiwa mzima, ili siku ya shida usianze kujifunza.

1. Litaje. Jiambie moyoni, "Huu ni wasiwasi. Nimeshausoma. Utapanda, kisha utashuka." Usipigane nao.

2. Kaa vizuri, miguu yote miwili ikanyage chini. Legeza mabega na taya.

3. Vuta pumzi polepole kwa pua huku ukihesabu moja mpaka nne. Tumbo lijae, siyo kifua kipande juu. Kisha toa polepole kwa mdomo ukihesabu moja mpaka sita, kama unayepuliza uji wa moto usiumwage. Endelea dakika tano. Siri iko kwenye kutoa: pumzi ndefu ya kutoka inauambia moyo upunguze mwendo.

4. Rudisha akili hapa ulipo. Taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia. Dirisha, ubao, daftari, kiatu, mti wa nje. Ubongo ukishughulika na vilivyopo, unaacha vya kufikirika.

5. Usikimbie kama hakuna hatari. Ukikimbia chumba cha mtihani leo, kesho chumba hicho kitatisha zaidi. Kaa, tuliza pumzi, anza na swali unaloliweza.

Usijifunike mfuko usoni ili "kupunguza hewa". Kama tatizo ni pumu, unaweza kujidhuru.

Na katika maisha ya kila siku? Lala na kuamka saa zile zile. Cheza mpira, kimbia, chota maji, lima: misuli ikitumika, zile nguvu zinapata pa kwenda. Kunywa chai ya rangi au kahawa kwa kiasi, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa wakati wa mitihani, maana vinasukuma moyo ule ule unaoenda mbio. Mirungi na bangi vinaweza kuuzidisha wasiwasi. Pombe nayo inakutuliza jioni, asubuhi wasiwasi unarudi umeleta na wenzake. Usinunue vidonge vya usingizi mwenyewe dukani, vinaleta mazoea mabaya.

Gawa mzigo. Badala ya kusema "sijasoma chochote", andika mada kumi, chukua moja leo. Na sema na mtu. Shangazi, bibi, rafiki, kiongozi wa dini, yeyote ambaye hatakucheka. Jambo likishatamkwa linakuwa na mwisho, lakini lisilotamkwa halina.

LINI NI UGONJWA?

Mchecheto wa siku moja siyo ugonjwa. Kidogo unafaa hata, unakufanya usome. Lakini kama dalili zinakujia karibu kila siku kwa wiki nyingi, umeacha kwenda shule au sokoni kwa hofu, huli, hulali, au unapata mawazo ya kujiua, huo ni ugonjwa na una matibabu. Mawazo ya kujiua yasisubiri hata kesho: mwambie mtu sasa hivi na msiachane mpaka mfike hospitali.

Wengi huogopa: "Nikisema hivyo watanipeleka Mirembe!" Kijana, hofu hiyo iache. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma inatibu magonjwa ya akili, ndiyo, lakini wengi wenye ugonjwa wa wasiwasi wanatibiwa karibu na nyumbani, wakiendelea na shule na kazi zao. Matibabu ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu, ana kwa ana, yanayokufundisha kukabili hofu hatua kwa hatua. Wengine huandikiwa dawa na daktari. Anzia zahanati au kituo cha afya, wao watakuelekeza hospitali kama Iambi ikibidi. Kwa maswali ya afya unaweza pia kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

MWENZAKO AKISHIKWA

Usimwambie "acha woga". Kaa naye, sema kwa sauti ya chini, "Niko hapa. Tupumue pamoja." Hesabu naye.

Akizimia, mlaze chali, inua miguu yake juu kidogo, legeza nguo shingoni, waambie watu wapishe hewa. Usimfukize moshi, usimpige makofi, usimtie kitu mdomoni. Asipozinduka ndani ya dakika moja hivi, au akiumia, au akipata degedege, apelekwe hospitali haraka.

Wakianguka wengi kwa mara moja, walimu na viongozi wa wanafunzi wafanye hivi: waite mhudumu wa afya ahakikishe hakuna sumu ya chakula, dawa ya mimea au moshi, wawatenganishe walioanguka na watazamaji, kila mmoja apate mahali patulivu, waondoe kelele na umati. Na asitajwe mchawi. Baadaye, mambo yakitulia, wakae na wanafunzi na waulize: nini kinawasumbua hapa shuleni? Kisha wasikilize.

JIPIME: KWELI AU SI KWELI?

1. Mtu mwenye dalili za wasiwasi anajifanya mgonjwa.
2. Ganzi ya vidole inaweza kuletwa na kuhema kupita kiasi.
3. Kichwa kikiuma, meza dawa ya malaria bila kupima.
4. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.
5. Kashasha, madaktari walikuta sumu kwenye chakula.
6. Mvulana naye anaweza kupata wasiwasi.

Majibu: 1. Si kweli. Dalili ni za kweli, chanzo ndicho hofu. 2. Kweli. 3. Si kweli. Pima kwanza. 4. Kweli. 5. Si kweli. 6. Kweli kabisa, ila wengi wanaficha.

MAMBO YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

– Katika lugha yenu ya nyumbani, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kisukuma au nyingine, hofu inasemwa inakaa sehemu gani ya mwili? Linganisheni na Kiswahili.
– Katika shule au kijiji chenu, kijana mwenye jambo zito anaweza kumwendea nani? Kama hayupo, mfanye nini ili apatikane?
– Wasichana wakianguka kesho shuleni, na watu wakaanza kumtaja mtu, ninyi mtasema nini?

Jizoezeni zile hatua tano leo, mkiwa wazima. Kila la heri!